Tazama Kovu Kabla ya Rangi: Nilivyojifunza Kutambua Gololi za Kale

Gololi haina saini. Ukigeuza sahani ya kaure utakuta jina la kiwanda, chupa ya soda ina herufi kwenye kitako, hata kijiko cha fedha kina mhuri. Gololi ni tone la kioo lililoviringishwa, na aliyelitengeneza hakuandika kitu. Kwa hiyo wengi wanaoanza kukusanya gololi za kale hukimbilia rangi: nyekundu na nyeupe ni ya kiwanda fulani, bluu na manjano ni ya kiwanda kingine. Viwanda viliigana rangi kila msimu, na wengine walinunua vioo chakavu vya rangi mahali pamoja. Baada ya miaka ya kuzishika mkononi, mimi natazama kwanza kioo kilikatwaje na kilizungushwaje. Rangi naiacha mwisho.

Nimezaliwa Tanga, na utotoni gololi zilikuwa mali. Tulikuwa na za kioo zenye jicho la paka ndani, na za chuma tulizookota gereji kwenye beringi zilizovunjika. Zimetoka wapi, hakuna aliyeuliza. Swali hilo lilinijia Ohio, ninakoendesha lori. Njia yangu kubwa ni barabara ya I-77. Inashuka kutoka Cleveland, inapita Akron, inapita Cambridge, inavuka mto Ohio na kuingia Parkersburg, West Virginia. Nilikuja kujua baadaye kwamba nilikuwa napita katikati ya historia yote ya gololi za Marekani. Akron ndiko zilikoanza kutengenezwa kwa mashine. Cambridge kulikuwa na kiwanda kidogo ambacho kazi zake leo zinagombaniwa kwenye minada. Parkersburg walikuwa Vitro Agate, walioanza mwaka 1932. Ukikata mashariki kwa barabara ya 50 unafika Clarksburg, kwao Akro Agate. Viwanda vilisongamana huku kwa sababu gesi asilia ilipatikana kwa bei nafuu na mchanga mzuri wa kioo ulikuwa karibu. Tanuri la kioo halizimwi usiku, kwa hiyo bei ya moto ndiyo iliyoamua kiwanda kikae wapi.

Mwalimu wangu alikuwa mzee mwenye duka la vitu vya kale upande wa Cambridge. Nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza, na alipojua maana yake alilipenda. Alinipa lenzi ya kukuza mara kumi, akamwaga gololi kwenye kitambaa cheupe, akasema: "Usiniambie rangi. Niambie inaanzia wapi na inaishia wapi." Somo lote la gololi limo kwenye agizo hilo.

Tuanze na za mkono, kwa maana ndizo kongwe. Karibu zote zilitoka Ujerumani, hasa Lauscha katika milima ya Thuringia, mji uleule ulioanzisha mapambo ya kioo ya mti wa Krismasi. Miaka ya 1840 mafundi wa huko walipata koleo maalumu: upande mmoja lina kikombe kidogo, upande wa pili lina makali ya kukatia. Fundi alitengeneza kwanza fimbo ya kioo. Alipanga nyuzi za rangi kwenye kiini, akazifunika kwa kioo kisicho na rangi, akapanga nyuzi nyingine juu, kisha akaivuta na kuisokota. Ncha ikishapata moto aliitia kwenye kikombe cha koleo, akaizungusha mpaka ikawa duara, akakata. Pale palipokatwa panabaki kovu. Mara nyingi yako makovu mawili, moja kila ncha, na ukifuata nyuzi utaona zote zinatoka kovu hili na kuishia kovu lile. Kovu linaweza kuwa kali kidoleni, au limesagwa bapa, au limelainishwa kwa moto hadi likabaki doa tu. Zima taa ya chumba, elekeza tochi kwa pembeni, utaliona.

Ukishaona makovu mawili na nyuzi zinazokimbia ncha hadi ncha, umri umeshaupata kwa sehemu kubwa: kati ya katikati ya karne ya 19 na Vita Kuu ya Kwanza. Vita ilipoanza mwaka 1914 biashara ya Ujerumani na Marekani ilikatika, na mashine zikachukua nafasi. Baada ya hapo ndipo unaingia kwenye aina. Zipo zenye kiini cha nyuzi nyembamba zilizosukwa kama ukili. Nyuzi nyeupe ni za kawaida, za manjano nazo zinaonekana, lakini nyekundu, buluu au kijani ni adimu. Zipo ambazo kiini kimegawanyika mikanda inayoacha nafasi katikati, na zipo ambazo rangi zimetapakaa zikafunika ndani yote. Zipo zenye vumbi linalometa dhahabu, ambalo kwa kweli ni chembe za shaba ndani ya kioo. Hizo wakusanyaji wanaziita Lutz, kwa jina la Nicholas Lutz, fundi mashuhuri wa kiwanda cha kioo cha Marekani, Boston and Sandwich Glass Company, ingawa kazi yenyewe ni ya Wajerumani.

Na zipo zenye sanamu ndani. Kioo hakina rangi, na katikati kuna mbwa, jogoo, simba, wakati mwingine mtu, weupe unaong'aa fedha. Sanamu ni ya udongo mweupe. Ule mng'ao ni hewa nyembamba iliyonaswa kati ya udongo na kioo. Nyingi ni kubwa kuliko gololi ya kuchezea, na nyingi zimepigwa sana, kwa sababu watoto walizitumia kweli. Mimi ninazipenda hivyo hivyo. Gololi ya mwaka 1880 isiyo na alama hata moja hunifanya nichukue lenzi tena.

Sababu ni kwamba kuna watu wanaozisaga upya na kuzing'arisha. Gololi iliyosagwa ina uso laini kupita kiasi na mara nyingi kovu limetoweka. Ukiona nyuzi za juu zimekatwa ghafla, au kwamba duara halina ncha za kuaminika, ujue ngozi yake ya asili imeondolewa, na thamani imeshuka pamoja nayo. Tofautisha pia na wasanii wa leo. Wapo mafundi hodari Marekani wanaotengeneza gololi za mkono zenye kovu halali kabisa, na wengi wao huchora herufi za jina na mwaka karibu na kovu. Hao ni waungwana. Kazi yao haijifanyi ya zamani, na tofauti na mafundi wa Lauscha wametuachia majina yao.

Zisizo za kioo nitazipitia haraka. Za udongo uliochomwa bila rangi zilikuwa gololi za maskini kila mahali; Akron ndiko Samuel C. Dyke alikoanza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1884. Za udongo uliopakwa gileji (ngozi laini ya kioo inayochomwa juu ya udongo) ya kahawia au buluu huitwa Bennington, kwa kuwa zinafanana na vyombo vya mji huo wa Vermont, lakini nyingi ni za Ujerumani. Zitambue kwa vijidoa vya mviringo pale zilipogusana tanurini. Za kaure zilichorwa kwa brashi miduara na maua. Na za jiwe la akiki zilisagwa Idar-Oberstein, Ujerumani, ambako wasagaji walilala kifudifudi mbele ya mawe makubwa yaliyozungushwa na maji. Ukiigeuza akiki ya zamani kwenye mwanga utaona vibapa vidogo vidogo vya kusagwa. Akiki ya mashine ni laini mfululizo.

Sasa Akron. Martin Frederick Christensen alikuwa fundi aliyekwisha kubuni njia ya kutengeneza gololi za chuma za beringi. Akageuza akili hiyo kwenye kioo. Hati ya ubunifu wa mashine yake ilitoka mwaka 1905. Tone la kioo cha moto linaanguka kati ya vyuma viwili vyenye mifereji vinavyozunguka, na mpaka linapopoa limekuwa duara, bila kovu. Jambo la kushika ni kwamba mashine ilizungusha tu. Kuchota kioo tanurini kulibaki kazi ya mtu mwenye fimbo ya chuma. Aliinamisha fimbo, kioo kikachuruzika kikijikunja, mwenzake akakata kwa mkasi. Mkunjo ule uliganda. Ndiyo maana gololi nyingi za M. F. Christensen & Son, za rangi moja inayopenya mwanga iliyochanganywa na nyeupe, zina umbo la tarakimu 9 upande wa juu na mkia ulipokatwa upande wa chini. Siku nilipoiona 9 hiyo kwa mara ya kwanza chini ya lenzi, nilikaa kimya muda mrefu. Ilikuwa mzunguko wa kiwiko cha mfanyakazi, umehifadhiwa zaidi ya miaka mia. Kiwanda kilifungwa mwaka 1917, gesi ilipoadimika wakati wa vita.

Akro Agate ilianzia Akron pia, ikiuza gololi ilizonunua kwa Christensen, kisha mwaka 1914 ikahamia Clarksburg ikawa na mashine zake. Hapo ndipo kuchota kwa mkono kulipoondoka hatua kwa hatua na kioo kikaanza kutiririka chenyewe hadi kwenye mkasi. Akro ndio waliotuachia alama iliyo rahisi kuliko zote: mkanda wa rangi unaojiviringisha kwenye gololi kutoka ncha moja hadi nyingine, ukizunguka kama skrubu bila kuchanganyika na rangi ya pili. Ulitokana na kuzungushwa kwa kioo kabla ya kukatwa. Weka kidole mwanzo wa mkanda, ufuate. Ukizunguka gololi mzunguko mzima na zaidi, na ncha zake hazikukutana, uko Clarksburg. Ukikatika njiani au kujirudia, tafuta kwingine.

Akro walifunga mwaka 1951. Tarehe hiyo imenisaidia mara nyingi kwenye minada ya vitu vya marehemu, kwa maana sanduku la Akro ni la karatasi, limechapwa vizuri, na kila mtu analiamini. Gololi za jicho la paka zilianza kumiminika kutoka Japani mwanzoni mwa miaka ya 1950, zikawatikisa Wamarekani, nao wakaanza kutengeneza za kwao katikati ya muongo huo. Akro hawakuwepo tena. Kwa hiyo sanduku la Akro lenye majicho ya paka ni sanduku halali lililojazwa na mtoto, au na muuzaji, baada ya zile za asili kupotea. Naangalia sanduku kivyake na gololi kivyake, kisha ndipo naamua kama vinaoana.

Majicho ya paka yenyewe wengi wanayadharau, na mimi siwaungi mkono. Yanasomeka. Ya kiwanda cha Peltier mara nyingi yana ubapa mmoja mnene katikati, wakusanyaji wanauita ndizi. Ya Marble King yana bapa nne zinazopishana msalaba. Marble King ilianzishwa mwaka 1949 huko St. Marys, West Virginia, ikaungua, ikahamia Paden City mwaka 1958. Ni gololi za bei ndogo, na mkusanyaji mpya anaweza kujizoeza nazo bila kuumiza mfuko.

Peltier wenyewe walikuwa Ottawa, Illinois, mbali na ukanda huu wa gesi. Kazi yao ya miaka ya 1920 na 1930 inatambulika kwa mikanda ya rangi iliyolala juu ya gololi na mishono miwili (mistari pale kioo kilipokatwa na kufungana) inayotazamana. Ndio pia waliochapa wahusika 12 wa vibonzo kwenye gololi, akiwemo Betty Boop. Zile za rangi moja na nyeupe za kwao zina michirizi myembamba inayofanana na unyoya, na huo unyoya ndio ninaotumia kuzitenga na za Akro na za Christensen wa Akron, ambazo kwa rangi tu zingenichanganya daima.

Nimekiweka kiwanda cha Cambridge hapa mwisho kwa sababu ndicho kilichonifundisha jambo kubwa zaidi. Christensen Agate Company hawakuwa na undugu na Christensen wa Akron. Walianza Payne, Ohio, mwaka 1925, wakahamia Cambridge mwaka 1927, wakafunga mwaka 1933. Miaka minane tu. Rangi zao ni kali ajabu, na wana moja yenye vidoa vya rangi vilivyonyunyizwa juu ya kioo, ambayo wakusanyaji wameipa jina la ndege kanga. Kipande kizuri kinauzwa mamia ya dola, na ndiyo maana kila muuzaji angependa gololi yake iwe imetoka hapo.

Nilimuuliza Mzee: kama hakuna saini, na kiwanda kiliishi miaka minane, tunajuaje? Akanijibu kwa kufungua droo. Ndani mlikuwa na vipande: gololi zilizopasuka, zilizoshikana mbili mbili, matone yaliyokatwa vibaya, mabonge ya kioo yenye rangi tatu. Vilichimbwa kwenye ardhi ya viwanda vilivyobomolewa. Kila kiwanda kilitupa taka zake uani, na wakusanyaji wenye subira walikwenda kuchimba Cambridge, Clarksburg na kwingineko, wakalinganisha kilichotoka chini na kilichokuwa kwenye makopo ya bibi zao. Hivyo ndivyo sehemu kubwa ya elimu hii ilivyopatikana. Mtu anaponiambia gololi yake ni ya fulani, namuuliza kwa heshima: imelingana na kipande gani kilichotoka ardhini kwao? Akisema aliambiwa na mjomba wake, naiandika kama hadithi ya familia, jambo ambalo nalo lina thamani yake, lakini siiandiki kama jina la kiwanda.

Taa ya kukagulia noti bandia, ile ya mionzi isiyoonekana, nayo ni chombo kizuri ukijua mipaka yake. Kioo chenye urani kinawaka kijani kibichi. Hilo linakueleza kilichomo ndani ya kioo. Halikuelezi mwaka, kwa sababu urani ilitumika karne ya 19 na ikatumika tena baadaye katika nchi mbalimbali. Natumia taa kulinganisha gololi mbili zinazodaiwa kuwa za tanuri moja. Kama moja inawaka na nyingine imelala, nazitenganisha.

Mpwa wangu wa Tanga alinitumia picha kwenye WhatsApp. "Shikamoo mjomba. Tumechimba msingi tumeokota hii. Ni ya zamani?" Nikamwitikia, nikamwomba picha nyingine juu ya karatasi nyeupe, na rula pembeni. Ilikuwa gololi ya kijani hafifu, haina uzi wala doa la rangi ndani, uso umefifia kwa mchanga, na vipovu viwili vya hewa. Nikamwambia kwamba gololi tupu ya rangi hiyo inalingana na zile zilizozibia chupa za soda. Mwingereza Hiram Codd alibuni miaka ya 1870 chupa yenye gololi shingoni. Gesi ya kinywaji iliisukuma juu ikabana kwenye mpira, na mnywaji akaisukuma ndani. Chupa hizo zilienea Uingereza na India, na watoto walizivunja kupata gololi. Nikamwomba arudi kwenye shimo atafute kipande cha shingo nene ya kioo iliyobanwa kiunoni, maana hicho kikipatikana ndicho kitakachosema zaidi ya gololi yenyewe. Na asiioshe kwa siki wala kuisugua kwa mchanga. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, inatosha.

Mimi nikinunua kopo la gololi sasa nafanya kazi mezani bila haraka. Natenga kwanza zenye kovu na zisizo na kovu. Zenye kovu moja tu naziweka peke yake, kwa kuwa nyingi ni za kipindi cha mpito, zilizochotwa kwa mkono na kumaliziwa kwa mashine. Zisizo na kovu natafuta mshono: mmoja, miwili, au mkunjo. Kisha napima kwa milimita, kisha lenzi, kisha taa, na rangi inakuja hapo. Alama za mwezi mchanga chini ya uso, zile zinazotokana na gololi kugongana, naziandika zote, kwa sababu atakayenunua ana haki ya kuzijua.

Kila moja inapata mfuko wake mdogo na kikaratasi. Naandika mji na kaunti niliponunua, kama ilitoka kwenye nyumba au mnadani, na nini kilikuwa pamoja nayo kwenye kopo, maana gololi zilizonunuliwa na mtoto mmoja mwaka mmoja huelezana. Jina la kiwanda naliandika pale tu kovu, mshono na vipande vya ardhini vimekubaliana. Zilizobaki naziandika "West Virginia, 1930 hadi 1950" na kufunga mfuko.